Kopo la Bwana Samaki

Nyanjura alinipigia simu asubuhi nikiwa nakoroga uji, akasema, "Mama Shija, Filbati ametutoka. Wanazika kesho, Mkolani." Niliepua sufuria nikakaa kwenye kigoda mpaka uji ukapoa na kushika utando juu. Kwa umri huu misiba imekuwa kama kwenda kisimani, umerudi leo na kesho unakwenda tena, na magoti kila mara yananiambia nibaki nyumbani. Lakini kwa Filbati nilijua nitakwenda hata kwa kutambaa, maana kati yangu na yeye kulikuwa na jambo ambalo sikulimaliza, na sasa halina wa kulimaliza ila mimi.

Nyumba ya Mkolani ni ileile. Wameongeza chumba kwa nyuma na bati limebadilishwa, ila sebule niliikuta kama nilivyoiacha miaka karibu thelathini iliyopita, hata lile dirisha lenye kizingiti kipana cha saruji. Viti vilikuwa vimetolewa nje kwa ajili ya wanaume, sisi wanawake tukakaa kwenye mikeka. Mama Koku, mjane wake, alikuwa ameegemea ukuta na kitambaa kichwani. Nilimpa pole, akanishika mkono na hakuuachia. Kwenye kizingiti cha dirisha palikuwa na chaja ya simu na kichupa cha mafuta ya kupaka, basi. Wengine waliona hivyo. Mimi niliona chupa zile nyingine, zilizopangwa mstari mmoja zikipigwa na jua, na ndani yake dagaa weupe, wanene, wamesimama kama askari.

Mwaka ninaousema ni ule malori ya kwanza yalipoanza kushuka mpaka mwaloni kwetu, mwalo mdogo wa kushushia samaki uliojificha nyuma ya mawe ukitokea Butimba. Nilikuwa sijafika arobaini. Serikali ilikuwa imefungua milango, ndivyo redio ilivyosema, kila mtu anunue na kuuza anachotaka na kwa amtakaye. Mjini Mwanza viwanda vya minofu vilikuwa vikijengwa, sangara anaingia mzima anatoka nyama tupu kwenda kupanda ndege, na sisi tunarudishiwa mapanki, kichwa na mifupa, tukakaange. Dagaa hakuwa na habari na ndege. Dagaa alikuwa wetu wanawake. Wanaume walimvua gizani kwa karabai, na alfajiri mitumbwi ikigusa mchanga alikuwa mikononi mwetu, tumwanike, tumgeuze, tumchambue, tumpeleke sokoni. Siku za mbalamwezi hawaendi ziwani, na sisi tulifua, tukasukana nywele. Tulikuwa sita kwenye banda moja la matete: mimi, Nyanjura ambaye ni Mjita wa Majita kabisa, Holo mke wa Maduhu, Sabina wa Ukerewe, Minza aliyekuwa akiimba hata akiumwa jino, na Esta wa mguu mbaya. Wanne wamekwisha kufa. Majina yao nayataja kwa sababu hakuna mahali pengine yalipoandikwa.

Kabla ya malori sisi ndio tulikuwa sheria ya mwalo ule, ingawa hatukujua kwamba tulikuwa sheria. Dagaa tuliyemnunua alikuwa wa kuliwa na watu, na mla dagaa anataka dagaa mwenye mwili. Mtumbwi ukija na wadogo, tulikataa. Tulisimama kwenye maji ya kiunoni na beseni zetu kichwani, tukaangalia, tukageuka. Nyanjura ndiye aliyekuwa mdomo wetu. Nakumbuka siku alipomwambia Mzee Magesa, mwenye mitumbwi minne, mtu mzima anayeamkiwa na kila mtu pale, "Shikamoo, mzee. Hawa umewavua au umewapokonya kwa mama yao?" Magesa akaitika marahaba, akajifanya anatafuta kasia. Nyanjura akaendelea, "Warudishe wakamalize kunyonya, mzee wangu, sisi tutangoja." Mwalo mzima ulicheka, wavuvi wake wenyewe wakacheka, na kesho yake Magesa alisogea mbali zaidi na ufuo, kule wanakokaa wakubwa. Hakuna aliyetutuma. Ilikuwa aibu tu, na ubishi wa asubuhi.

Malori yakaja kununua chakula cha kuku. Mnunuzi alikuwa kijana mpole anaitwa Hamisi, hakuwa akilala ila chini ya lori lake, na yeye hakujali dagaa ni mkubwa au mdogo, ameanikwa kwenye chanja au amegaragazwa mchangani. Kuku hachagui. Alitaka gunia lijae. Ndani ya miezi michache Mzee Magesa akaleta nyavu mpya. Tulikuwa na njia yetu ya kupima wavu: unachukua punje ya mahindi unaisukuma kwenye jicho. Kwenye nyavu za zamani ilipita. Kwenye hizi Nyanjura aliisukuma mpaka kucha ikamuuma, haikupita. Akanitazama, na mimi nikamtazama, na siku hiyo tulikuwa na magunia matano ya kujaza. Hakutania mtu. Tangu hapo mtumbwi ukija na wale wadogo kama sindano tulipokea, tukamwaga mchangani, tukafagia kwa ufagio. Ndiyo mwaka Nyanjura aliponyamaza, na sisi wote tuliona raha ya kunyamaza, maana kubishana kila alfajiri kunachosha.

Ndipo akaja Filbati. Alikuwa Mhaya, mwembamba, baiskeli yake ina mlio mnyororoni uliomtangulia kama kengele. Ofisi ya uvuvi ilikuwa imemleta kupima dagaa, nasi tukamwita bwana samaki. Aliwaeleza wanaume kazi yake kwenye kikao ambacho sisi hatukuitwa, kisha akaja bandani kwetu, akaamkia, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasema anaomba mtu mmoja amtengee kopo moja la dagaa kila Jumatano na Jumamosi, kabla hawajaanikwa, yeye atafika jua likishapanda. Wote walinielekezea kidole kwa sababu nilipita kisomo cha watu wazima na niliweza kuandika siku kwenye kipande cha karatasi. Kopo lenyewe lilikuwa la maziwa ya unga, limetobolewa chini maji yachuruzike. Nililichukua kama mtu aliyekabidhiwa mtoto.

Sasa nieleze nilivyofanya, maana hapo ndipo kila kitu kilipo. Asubuhi ile ya kwanza nilichota kopo kutoka kwenye beseni, nikaangalia. Wadogo watupu, wengine wamepasuka matumbo, na majani katikati. Nikaona haya. Mtu ametoka Mkolani kwa baiskeli, ni mgeni, ni mtu wa serikali, amekaa kwenye ndoo yetu na kunywa chai yetu ya rangi bila kuuliza sukari iko wapi, halafu nimpe uchafu ule? Kwetu mgeni hapewi kilichobaki. Nikamwaga, nikapiga magoti, nikaanza kuchambua mmoja mmoja. Holo akasogea kunisaidia. Kutoka kwenye beseni mbili tulipata kopo moja la dagaa ambao hata mwenyewe ungetamani kuwala hivyohivyo. Filbati alipofika aliwamwaga kwenye sinia, akachukua ubao wake wenye mistari, akamlaza mmoja mmoja, akataja namba na kuandika daftarini. Alipomaliza akasema, "Mama Shija, una dagaa wazuri hapa." Siku nzima nilikuwa mwepesi. Nikafanya hivyo Jumamosi, na Jumatano iliyofuata, na kila Jumatano na Jumamosi ya giza ya mwaka ule.

Alikuwa mtu wa maneno wakati wa chai. Alitueleza mambo ya dagaa kama anaeleza habari za jirani. Alisema dagaa ana maisha mafupi, kukua kwake na kuzaa kwake na kufa kwake kunakwenda mbio, ndiyo maana ukimwachia nafasi kidogo analijaza ziwa tena. Siku moja alisema dagaa akiandamwa sana anaanza kuzaa akiwa bado mdogo, kana kwamba anajua hataachwa akue. Minza aliacha kuimba. Mimi niliozwa kabla kifua hakijajaa, nikayashika maneno yale upande huo, nikayafikiria siku nyingi nikiwa nageuza dagaa juani. Kwamba yanahusu kopo lililokuwa pembeni ya mguu wangu, hilo halikunijia kabisa. Mtu anaweza kukaa karibu na jambo mpaka asilione.

Mkutano ulifanyika mwisho wa mwaka, pale kwenye jiwe kubwa, na safari hii wanawake tuliitwa. Alikuja mkubwa wa Filbati kutoka ofisini, amevaa tai, jasho linamtoka. Ndipo kwa mara ya kwanza nikasikia kopo lilikuwa la nini. Mkubwa alisema ofisi ilikuwa na wasiwasi kwamba nyavu za macho madogo zinamaliza dagaa ambao hawajazaa. Kama ingekuwa hivyo nyavu zingetolewa, na mwalo wetu pamoja na ile miwili ya jirani ingefungwa miezi miwili kila mwaka dagaa wazae. Lakini Bwana Filbati amepima mwaka mzima, akasema, na dagaa wa hapa wamekomaa, hata wanazidi wa mialo mingine. Hakuna haja ya kufunga. Watu walipiga makofi. Mzee Magesa alikuwa amechinja mbuzi tayari. Na mimi nilipiga makofi, viganja vikaenda vyenyewe, halafu vikapoa. Filbati alikuwa anatabasamu akitutafuta sisi kwa macho, wanawake wa banda la matete, kama kutushukuru.

Jumapili iliyofuata alinialika kwake nikale, kwa kuwa kazi imekwisha. Nilikwenda na mfuko wa dagaa wakavu. Niliwachagua siku mbili. Mama Koku alikuwa binti tu wakati huo, na Koku ana miaka minne hivi anacheza na kijiko mlangoni. Hapa sebuleni palikuwa na meza moja, na dirishani chupa zile, kila moja na karatasi yenye tarehe. Niliwatambua dagaa wangu. Sufuria ilikuwa jikoni juu ya mkaa, ndizi na dagaa wa sokoni, na Mama Koku alipoufungua mfuko wangu akaita, "Baba Koku, njoo uone. Hawa wanawatoa wapi? Mimi sokoni siwaoni, naletewa vumbi hili tu."

Filbati akaja. Akachukua mmoja kwenye mfuko, akachota wengine kwenye sufuria kwa mwiko, akawalaza kwenye kiganja. Wa sufuria hawakufika hata nusu.

"Mama Shija, hawa umewapataje?"

"Nimechagua."

"Na wale wa kopo?"

"Nao nilichagua. Sasa wewe ningekupaje wale wengine?"

Hakupandisha sauti. Alikwenda dirishani, akazitazama chupa zake kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, akasema bila kugeuka, "Umenipa mwaka mzima wa heshima." Kisha akacheka, kicheko kidogo kilichokauka, na Mama Koku akacheka naye bila kujua ni nini. Tulikula. Ndizi sikuzisikia ladha. Aliponisindikiza mpaka barabarani aliniomba jambo moja tu. Kesho yake, Jumatatu, nifike ofisini, nikamweleze mkubwa kwa mdomo wangu nilivyokuwa nikichagua. Alisema yeye akisema peke yake wataona anatafuta sababu ya kuendelea na kazi, lakini nikisema mimi, karatasi ya vipimo itarudishwa na watapima upya. Nikamwambia nitakuja.

Usinione kama mtu asiyejua alichokuwa anafanya. Usiku ule nililala nikijua. Kesho yake asubuhi nilimweleza Nyanjura, na yeye aliweka beseni chini akaniangalia vizuri. "Nenda," akasema. "Nenda kawaambie. Halafu wakifunga miezi miwili, jioni watoto wa Esta uje uwapikie ulimi wako." Hakusema kwa ubaya. Esta alikuwa palepale, mguu wake umenyooshwa juani, na hakuinua macho. Nikawaza miezi miwili ya banda tupu. Nikawaza Mzee Magesa, ambaye mitumbwi yake ndiyo iliyotulisha, akiambiwa ni mimi. Nikawaza na kile ambacho kilikuwa kidogo kuliko vyote na kilinishika kuliko vyote: kwamba nitasimama mbele ya mtu wa tai nimwambie mimi ndiye niliyemfanya bwana samaki awe mjinga. Jumatatu hiyohiyo nilivaa kitenge changu kizuri. Nilifika mpaka kwenye mawe ya njia panda, nikakaa. Jua lilipozidi nikarudi kuanika.

Filbati alikwenda peke yake. Alivyoambiwa huko nilisikia baadaye kwa wengine, kwamba karatasi ikishapigwa muhuri hairudi kwa sababu ya maneno ya jikoni, na huyo shahidi wake yuko wapi. Jumatano nikasikia mnyororo wa baiskeli yake. Nilitamani mchanga unifunike. Aliamkia wote kama kawaida, akakaa kwenye ndoo, akanywa chai. Hakuniuliza Jumatatu nilikuwa wapi, siku hiyo wala siku nyingine yoyote mpaka anahamishwa. Alinipa kopo, akasema, "Leo fumba macho, Mama Shija. Ingiza mkono, chota, usiangalie mpaka liwe limejaa." Nilifumba macho mbele ya wenzangu kama mtoto anayecheza kombolela, na Minza alicheka. Tulipowamwaga kwenye sinia hakuna aliyecheka. Filbati alipima nusu saa akitaja namba zilezile ndogo, mpaka sauti yake ikachoka. Kisha akampasua mmoja kwa ukucha, mdogo kuliko kidole changu cha mwisho, akanionyesha. Alikuwa na mayai.

Sisemi kwamba dagaa wamekuwa hivi walivyo leo kwa sababu ya kopo langu. Ziwa lina mialo mingi na malori yalikuwa mengi, na nyavu zingeingia tu, Jumatatu ile au bila Jumatatu ile. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na ni kweli, na haijanisaidia. Mialo mitatu ingepumzika miezi miwili, labda. Sisi sita tungelala njaa, labda. Nimezeeka na sijui lipi lingekuwa. Ninachojua ni kwamba malori yalipohamia mwalo mwingine miaka michache baadaye, kwa kuwa magunia yalikuwa hayajai tena, tulikaa bandani bila kazi zaidi ya miezi miwili, na hakuna aliyekuwa ametufungia.

Haya yote nilikuwa nayo pale kwenye mkeka, mkono wangu bado kwa Mama Koku. Nilitaka kumwambia. Nilianza, nikasema, "Mama Koku, ile Jumatatu," akanikatisha kwa kunibana vidole. "Aliniambia," akasema. "Alisema ulifika mpaka kwenye mawe. Alikuona, alikuwa amekuja na baiskeli kukuchukua. Akaona umekaa, akageuza." Miaka yote hiyo nilidhani nimekaa pale peke yangu.

Chakula kikaletwa. Ilikuwa siku ya pili ya msiba, nyama ilikuwa imekwisha, ni ugali na dagaa wa nyanya. Koku, ambaye sasa ni mama wa watu, alipita na sahani za kula wengi pamoja, na mimi akaniletea sahani yangu mwenyewe, amepiga goti. "Karibu, bibi." Nikaangalia. Dagaa wakubwa, wazima, hakuna hata mmoja aliyekatika kichwa. Nikamtazama yule binti usoni, nikaona alivyoinama jikoni juu ya sufuria akichambua kwa ncha ya kijiko kwa ajili ya bibi kizee aliyetoka mbali.

Nikamshukuru. Nikamwomba sahani ile ampe mama yake, halafu aniletee sufuria yenyewe. Akasita, akaleta. Nilishika upawa, nikafumba macho. Nadhani walifikiri nasali, maana mkeka wote uliinamisha vichwa. Nikachota.

Walikuwa wadogo kama vijiti vya kiberiti. Nilimpasua mmoja kwa ukucha, nikamsogeza kwenye mwanga wa dirisha. Alikuwa na mayai. Nikamla.